Namna Tulivyompeleka Marlys Aho Bungeni

Kabla ya mwaka ule, chama chetu kilikuwa kimekaa miaka ishirini na miwili bila kushinda kiti cha bunge la jimbo hapa Kaunti ya Tamarack. Nasema kwa uhakika, maana kwa miaka kumi na sita kati ya hiyo mwenyekiti wa chama wa kaunti nilikuwa mimi, Reino Tervo, fundi wa mitambo ya mgodi, mstaafu, mjane, na bingwa wa kushindwa. Nilishazoea. Kila baada ya miaka miwili tulitafuta mtu wa kusimama, tukampa mikono yetu na mabango thelathini, tukampoteza.

Uchaguzi wa kabla ya huo hatukupata hata huyo wa kumpoteza.

Marlys Aho alikuja kwenye mkutano wetu mwezi wa Februari. Tulikuwa watu saba kwenye chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, na kahawa ya kutosha watu hamsini. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na nne, mfupi, mwenye mabega mapana, dereva wa basi la shule kwa miaka ishirini na sita. Hakuja kugombea. Alikuja kulalamika.

"Daraja la Mto Otter," alisema kabla hata hajakaa. "Mwaka wa tatu huu magari mazito yamekatazwa kupita. Nazunguka maili kumi na nane. Watoto wa ng'ambo wanaamka saa kumi na moja alfajiri. Nataka kujua mbunge wa chama hiki anafanya nini."

"Chama hiki hakina mbunge hapa," nikamjibu.

"Basi yule mliyemsimamisha uchaguzi uliopita anasemaje?"

Nikatazama kikombe changu. "Hatukumsimamisha mtu."

"Hamkumsimamisha mtu?"

"Hatukupata."

Akatutazama mmoja mmoja, kama anavyotazama watoto kwenye kioo cha basi. "Sasa nyinyi mnakutana hapa kufanya nini? Kunywa kahawa?"

Jibu lilikuwa ndiyo. Mkutano ulipokwisha, jina lake ndilo lililokuwa kwenye fomu ya mgombea. Mpaka leo anadai nilimlaghai. Mimi nilichofanya ni kumpa kalamu tu.

Mwezi wa Mei makao makuu ya chama kule Lansing, mji mkuu wa jimbo, yakatuletea meneja wa kampeni. Jina lake Noemi Salcedo, miaka thelathini na moja, binti wa wachuma cheri wa kusini mwa jimbo. Alikuwa ameshaendesha kampeni tatu, akapoteza mbili. Alikuja na kigari chenye matairi ambayo huku kwetu hata wakati wa mvua ungeyaogopa. Nikampa chumba alichokuwa akishonea marehemu mke wangu. Siku ya kwanza alikula pasti zangu mbili za nyama na viazi, akafuta mikono, akauliza:

"Mzee Reino, mara ya mwisho mlipokuwa na mgombea mlishindwa kwa kura ngapi?"

"Elfu moja mia nne na kidogo."

"Na wangapi wanaopenda chama chetu hawakwenda kupiga kura?"

Hilo swali sikuwahi kuulizwa na mtu. Noemi alifungua daftari la wapiga kura kwenye kompyuta yake, akanionyesha. Wapo wanaotupigia sisi kila mara. Wapo wasiotupigia hata kwa mtutu. Wapo wanaoyumba. Na wapo karibu mia tisa ambao wakienda hutupigia sisi, ila hawaendi.

"Hawa mia tisa wako wapi?" akaniuliza.

"Wako nyumbani kwao."

"Basi tutawafuata nyumbani kwao."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Tangu siku ile mpaka Novemba nilivaa jozi mbili za viatu zikaisha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila jioni baada ya basi kulala, na Jumamosi kutwa, Marlys alibisha milango. Mimi niliendesha gari na kushika orodha. Tulikuwa watu saba, tukawa kumi na mmoja, tukawa ishirini na wanne. Wengi walikuwa madereva wenzake wa basi na wake zao na waume zao. Kila mlango uliandikiwa kadi: nani anaishi hapo, kasema nini, ana shida gani, turudi lini. Noemi alizisoma kadi zote. Ukiandika "mtu mzuri" tu, alikurudisha. "Mzuri vipi? Anaumwa goti? Ana mwana jeshini? Nitarudije kwa mtu ambaye najua tu kwamba ni mzuri?"

Wiki ya kwanza Marlys alifanya vibaya. Watu walimfungulia kwa furaha, kwani alikuwa amewapeleka watoto wao shule, wengine aliwapeleka wao wenyewe. Lakini mlango ukifunguka tu, alianza daraja, daraja, daraja. Noemi alisimama nyuma na saa yake.

"Pale umeongea dakika kumi na moja," alimwambia tulipofika garini. "Mwenye nyumba ameongea ngapi?"

"Sijui. Moja?"

"Nusu. Alisema 'haya' na 'kwaheri'. Kesho mbadilishane."

Marlys alinuna mpaka tulipofika kwake. Akashuka, akafunga mlango wa gari kwa nguvu, kisha akarudi akagonga kioo. "Yule mama alitaka kuniambia kitu kuhusu mumewe. Nilimkatiza."

"Nilimwona," Noemi akasema.

"Kesho tunaanzia kwake."

Ikawa hivyo. Na huyo mama, ambaye miaka minane hakuwa amepiga kura, ndiye aliyetupikia supu kila Jumamosi mpaka mwisho wa kampeni.

Katikati ya Agosti tulifika mwisho wa Barabara ya Salmi, kwenye nyumba ya Wendell Kangas. Haikuwa kwenye orodha yetu. Mimi nilisoma namba vibaya. Kangas alikuwa mkata miti wa zamani, miaka sabini na sita, na tangu nimjue alikuwa mtu wa chama kile kingine mpaka kwenye mifupa. Alifungua mlango, akasoma beji kwenye koti la Marlys, na uso ukamwiva.

"Nyinyi! Mna uso wa kuja hapa? Gavana wenu ndiye aliyelifunga lile daraja!"

Nilirudi hatua moja. Marlys hakusogea. "Niambie, Wendell," alisema.

"Nikuambie nini? Mke wangu Elsie alianguka jikoni saa nne asubuhi. Gari la wagonjwa lilizunguka. Maili kumi na nane! Mimi nilikuwa nimekaa naye sakafuni nikikisikia king'ora chake ng'ambo ya mto. Nilikisikia, unanielewa? Kikaanza kwenda mbali. Gari lilipofika, Elsie hakuwepo tena."

Alisimama akishika fremu ya mlango. Marlys akamuuliza Elsie alikuwa akipika nini. Swali la ajabu, lakini mzee akajibu: jemu ya matunda ya porini. Chupa sita zilikuwa zimeshajaa. Bado ziko kabatini, hajui azifanyie nini. Tulikaa kwenye ngazi za nyumba yake saa mbili nzima. Daraja halikutajwa tena, wala uchaguzi. Wakati wa kuondoka mzee akasema, "Sitakupigia kura."

"Sijakuomba."

"Usiniombe."

"Sawa."

 Njiani Marlys akamuuliza Noemi kama ni kweli gavana wetu ndiye aliyelifunga daraja. Noemi hakujua. Mimi nilikuwa nimesema kwa miaka mitatu kwamba ni uongo wa wapinzani, na nilikuwa nimeusema kwa sauti kubwa. Noemi akatafuta karatasi za bajeti za mwaka ule, akachukua siku nne. Ilikuwa kweli. Fedha za kulikarabati daraja zilikuwa zimetengwa, na ofisi ya gavana, mtu wa chama chetu, ilizihamishia kwenye barabara kuu ya kusini.

Marlys alirudi kwa Kangas peke yake. Alinisimulia baadaye. Hata ndani hakuingia. Alimwambia, "Ulikuwa sahihi. Ni sisi. Nimekuja kukuambia tu." Mzee akafunga mlango.

Mwisho wa Septemba ukaja mdahalo katika ukumbi wa michezo wa shule. Mbunge aliyekuwepo, Garrett Lindquist, alikuwa mwuza mashine za shambani, mpole, msemaji mzuri, miaka minne bungeni. Hakuwa mtu mbaya na sitamfanya awe mbaya leo kwa kuwa tulimshinda. Swali la daraja lilipoulizwa, akanyoosha mkono kuelekea upande wetu, akasema kila mtu anajua ni gavana wa chama gani aliyelifunga.

Nilimwona Noemi ameshika kiti cha mbele yake.

Marlys akasimama. "Ni kweli," alisema. "Waliokosea ni wa chama changu, na nikifika Lansing nitawaambia usoni. Sasa, Garrett, wewe umekaa kule miaka minne. Bajeti nne zimepita mbele yako. Nimezisoma zote. Neno Otter halimo hata kwenye moja. Ulikuwa unasubiri nini?"

 Mtu mmoja nyuma akapiga makofi mara moja, kama amekosea. Kisha ukumbi mzima.

Mimi niliruka kwa furaha. Noemi alitoka nje na simu, maana ilikuwa imeshaanza kulia. Nilimfuata mpaka kwenye maegesho. Mkuu wa kampeni za bunge kule Lansing alikuwa akifoka hivi kwamba nilimsikia nikiwa hatua tano. Mgombea hamtukani gavana wa chama chake. Matangazo ya televisheni yanaondolewa. Watu wanahamishiwa eneo bunge jingine lenye matumaini.

"Sawa," Noemi akasema.  "Hamisheni matangazo. Hamisheni mabango. Mimi nabaki na kadi zangu." Akasikiliza. "Hapana, bosi. Umesikia vizuri. Hapa kuna milango elfu tatu ambayo tumeigonga mara mbili. Nikiondoka leo, nani atagonga mara ya tatu?"

Akakata simu, akanigeukia. "Mzee, nadhani nimefukuzwa kazi."

"Chumba bado ni chako," nikamwambia.

Tulikaa wiki tatu bila tangazo hata moja. Sijawahi kuona watu wakifanya kazi vile. Noemi aliwagawa watu kwa barabara, kila mmoja barabara aliyokulia, na akawaambia wasiombe kura kabla hawajauliza hali. Aliwaandikia wazee fomu za kura ya posta, akawapigia kuhakikisha wamezirudisha. Alijua nani atahitaji gari siku ya uchaguzi, nani anaogopa ngazi, nani atakuwa zamu. Ndipo nilipotambua kwamba miaka yangu yote kumi na sita nilidhani uchaguzi ni hotuba. Huyu binti aliuona kama kuvuna: shamba unalijua, safu unaijua, na huachi mti mmoja kwa kuwa uko mbali.

Zilipobaki siku kumi, simu ikalia tena. Mkuu wa kampeni alikuwa amezitazama namba zetu. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Salcedo," alisema, na Noemi akaiweka simu mezani wote tusikie, "nilikosea. Una haja ya nini?"

"Watu kumi na wawili. Wenye viatu vya theluji."

Aliwatuma kumi na wanne. Nampa heshima yake kwa hilo. Wakubwa wengi wangeona bora kushindwa kuliko kupiga simu ile.

Theluji ilianza usiku wa kuamkia uchaguzi, na kulipokucha ilifika magotini. Magari ya kaunti yalikuwa yakisukuma theluji kwenye barabara kuu tu. Noemi alikaa kwenye meza ya jikoni kwangu na kadi zake zote, simu mbili, na ramani. Kila saa mtu wetu aliyekuwa kituoni alimsomea majina ya waliokwisha kupiga kura, naye aliwatoa kwenye rundo. Waliobaki walipigiwa. Wasioweza kutoka walifuatwa. Madereva sita wa basi, na magari yao wenyewe na minyororo kwenye matairi, walizunguka kutwa kama siku ya shule. Marlys mwenyewe alibeba bibi mmoja mgongoni kutoka mlangoni mpaka garini, na bibi akawa anamwelekeza njia kama farasi.

Mimi nilikuwa nje ya kituo cha Salmi, ukumbi wa zimamoto, nikisimama mbali na mlango kama sheria inavyotaka. Barabara ya Salmi ilikuwa na nyumba kumi na tisa, wengi wachimbaji wastaafu, watu wetu. Saa nane mchana walikuwa wamefika watatu. Madereva wawili walijaribu kuingia, wote wawili wakakwama.

"Noemi," nikampigia, "Salmi imefungwa."

"Wangapi wamebaki?"

"Ishirini na wanane."

 Nilisikia akiwauliza watu wa kaunti kwenye simu ya pili. "Kaunti wanasema kesho asubuhi," alisema. "Mzee, usiondoke hapo."

Saa tisa na dakika chache nilisikia mngurumo. Trekta kuukuu jekundu lilitokea kwenye kona likisukuma theluji mbele yake, na juu yake alikaa Wendell Kangas na kofia ya masikio. Nyuma yake, magari tisa yalifuatana kama msafara wa harusi. Alisafisha mpaka mlango wa ukumbi, akageuza trekta, akazima, akashuka taratibu, akaingia ndani. Alipotoka nilimwendea.

"Wendell, asante sana."

"Usinishukuru. Nimempigia Lindquist."

"Sikutarajia vingine."

"Na hao wote nyuma yangu najua watampigia nani. Sina upofu." Akavuta glavu zake. "Mwanamke yule alirudi mlangoni kwangu kuniambia kwamba walikosea. Nina miaka sabini na sita, Reino. Unajua ni wanasiasa wangapi wamewahi kunirudia kuniambia hivyo?"

"Wangapi?"

"Ukimhesabu yeye, mmoja." Akapanda trekta. "Anastahili watu wapate kutoka. Wakitoka, wachague wenyewe." Akawasha, akarudi kufungua njia za nyumba zilizobaki.

Nikampigia Noemi kumwambia. Nilisikia tu akianza kutoa kadi kwenye rundo, moja baada ya moja, pa, pa, pa.

Kwa sababu ya theluji masanduku ya mwisho yalifika mahakamani, ambako kaunti huhesabia kura, asubuhi ya pili. Marlys Aho alikuwa mbele kwa kura thelathini na moja. Ishirini na saba zilikuwa zimetoka Salmi mchana ule. Lindquist aliomba kura zihesabiwe upya, na alikuwa na haki. Wiki mbili baadaye zikawa ishirini na tisa. Kule Lansing chama kilikuwa kimepata wingi wa kiti kimoja bungeni, na magazeti yaliandika mengi kuhusu mikakati ya wakubwa. Sikuona pahali palipoandikwa kuhusu kadi.

Lindquist alikuja mwenyewe nyumbani kwa Marlys siku ile matokeo yalipothibitishwa. Nilikuwepo. Alivua kofia mlangoni.

"Hongera, Marlys. Swali lako pale ukumbini halijaniacha nilale."

"Ingia ndani, Garrett, usisimame kwenye baridi. Nieleze kamati ya barabara inavyofanya kazi. Nani wa kumwendea kwanza?"

Wakakaa mezani mpaka kahawa ikaisha. Alimtajia majina, akamwambia nani ana maneno matamu na hana nguvu, na nani haongei ila ndiye mwenye ufunguo. Daraja lilipitishwa kwenye bajeti ya pili. Hotuba yake ya kwanza bungeni Marlys aliielekeza kwa gavana wetu, kama alivyoahidi, na nasikia gavana aliisikiliza akitazama meza.

Noemi aliondoka Jumapili baada ya kura kuthibitishwa. Nilikuwa nimemwekea matairi mapya ya theluji bila kumuuliza, akanigombeza, kisha akanikumbatia. Nikamwomba abaki. Nilimwambia kaunti hii inahitaji mtu kama yeye, na kwamba mimi naachia uenyekiti.

"Uenyekiti umpe yule mama wa supu," alisema. "Tayari anajua kaunti nzima inaumwa wapi. Mimi wananisubiri upande wa magharibi, kuna eneo bunge ambalo chama hakijashinda miaka kumi na minane."

"Na watu wao ni wangapi kwenye mkutano?"

"Watano."

"Na kahawa?"

"Ya watu hamsini, nadhani." Akacheka, akapiga honi mara mbili, akaondoka. Nilisimama barabarani mpaka gari lilipopotea nyuma ya miti, kisha nikaingia ndani kumpigia simu mama wa supu.